Deiwaka wa Majani

Mwezi wa Aprili majani ya Dar es Salaam hayana adabu. Unayakata Jumatatu, Ijumaa yanakutazama kama hamjawahi kuonana. Masika ya mwaka huu nilijikuta na bustani kumi na moja, mashine moja, na kijana mmoja ambaye kila wiki ana msiba. Wenzangu wakanishauri: gawa kazi, bwana, wewe kaa ule cha juu.

Nikagawa. Fundi wa kwanza nilimkabidhi na mashine yangu. Mashine hizi za kuning'iniza begani hazina tangi la oili. Oili unaichanganya humohumo kwenye petroli, yangu inataka mililita 40 kwa lita. Nilimwambia mara tatu. Akaitikia mara tatu, "Sawa bosi." Akaenda kutia petroli tupu, na kabla ya saa sita injini imenoki. Alipoirudisha alidai ilikuwa mbovu tangu asubuhi. Chupa ya oili nayo akairudisha, imejaa, kizibo hakijaguswa. Hata kuificha hakuona sababu.

Wa pili nikatafuta mwenye vifaa vyake. Bustani ya mama mmoja Mbezi Beach, mama analipa elfu 60. Nikamwachia 40, mimi nikabaki na 20 za kupiga simu. Na kupiga simu ni kazi, asikudanganye mtu.

Mchana nikapita kukagua. Namkuta kijana nisiyemjua, mashine hana, ana fyekeo na ndala za rangi mbili. Nani kakutuma? Akataja jina ambalo sijawahi kulisikia. Kupiga simu huku na huku, kumbe fundi wangu kapata kazi nono Kigamboni, hii kampa rafiki yake kwa 25, na rafiki kamwokota huyu kwa 15. Kwenye daladala dereva akichoka anamwachia deiwaka usukani, hilo tumelizoea. Lakini deiwaka mwenye deiwaka wake hata Mbagala sijamwona.

Nikajiandaa kufoka. Shida ni kwamba kijana alikuwa anafanya kazi. Kapiga magoti pembeni ya ukuta, anachimba ndago. Sisi wa mashine ndago tunaifyeka juu, inapendeza siku tatu, tunalipwa, inarudi. Yeye alikuwa anaufuata mzizi kwa kisu mpaka kwenye vile viazi vyake vidogo vyeusi, anaving'oa kimoja kimoja na kuvitupia kwenye kopo la rangi.

"Ukibakiza kimoja, bosi, umebakiza ukoo mzima."

Miaka sita naitwa mtu wa bustani, viazi vya ndago ndiyo kwanza naviona.

Mama akatoka na glasi ya juisi. Nikanyoosha mkono. Juisi ikanipita.

"Mwanangu, hebu nipe namba yako."

Namba yangu anayo tangu mwaka juzi, kwa hiyo nikaelewa anaambiwa nani.

Juzi simu inaita, namba ngeni. "Shikamoo bosi. Ni mimi wa ndago. Nimezidiwa huku, kuna bustani Mbezi Beach mwenyewe anaitaka kesho. Nakupa 15."

Nikamwambia mashine yangu bado iko kwa fundi.

"Usijali, fyekeo la ziada ninalo," akasema. "Nitakukata elfu mbili tu."