Bei ya Kutupa

Bwana wetu wa Chinongwe akishalipwa ufuta, duka la Ruangwa mjini humnukia ushamba. Simu lazima ikanunuliwe Kariakoo, Dar es Salaam, kwa bei ya kutupa. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji, ulioko njiani, ulikuwa na huruma: foleni ya pantoni pale Ndundu ilimpa msafiri muda wa kufikiri, na masika yakichachamaa, fedha zake zilisalimika kwa lazima. Siku hizi basi linapita juu kwa juu, na kumkabidhi kwa matapeli mapema. Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, wajanja wa mjini walilia. Wewe mjomba wa Chinongwe, uliyeuziwa boksi lenye kipande cha sabuni, ulitulia tuli. Yako haizimwi, na nguo ulifulia.