Hii Tuliitoa Google

Mpiga picha mmoja wa Kitale bado hawezi kulisimulia jambo hili bila kuchemka. Aliingia hoteli moja mjini Bungoma, akamwonyesha meneja tovuti ya hoteli yenyewe, ambako maporomoko ya Nabuyole yametandazwa ukurasa mzima, akasema picha ile ni yake. Meneja akaitazama, akamtazama na yeye, kisha akamjibu kwa sauti ya kumfariji mfiwa: "Hapana, ndugu yangu. Hii tuliitoa Google."

Binti wa mapokezi akaitwa aamue. "Kama ni yake," akauliza, "mbona ina ukungu hivi?"

Lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana liliuma. Picha ilipotoka kwenye kamera ilikuwa na upana wa pikseli 6000, na mvuvi aliyesimama mwambani alionekana hadi viraka vya suruali. Kisha ikatumwa WhatsApp, ikazungushwa kwenye magrupu, mtu akaipiga skrinshoti, ikapandishwa Facebook. Sasa, JPEG, kiwango cha mwaka 1992 ambacho bado kinabeba picha nyingi mtandaoni, kina hila ya ajabu: huikata picha vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kupima jinsi mwanga unavyobadilika ndani ya kila kimoja, na kutupa yale mabadiliko madogomadogo ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi. Rangi hupunguzwa zaidi, kwa kuwa jicho hutambua mwanga na giza vizuri kuliko rangi. Mara ya kwanza hakuna anayegundua. Lakini kila programu inayoihifadhi upya hutupa tena kutoka kwenye masalio, na hakuna kinachoteseka kama povu la maporomoko, ambalo ni madogomadogo matupu. Dawa ni kuipunguza mara moja tu, kutoka faili asilia. Pikseli 1600 zatosha kurasa nyingi. Hoteli ilichukua kijipicha ikakivuta pande zote mbili mpaka mvuvi akaota kitambi cha diwani.

Na jina la mpigaji? Lilikuwa limeandikwa ndani ya faili, panapokaa tarehe na aina ya kamera. WhatsApp hufuta maelezo hayo inapobana picha. Bungoma iliingia bila kitambulisho.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iko upande wake: picha hulindwa miaka 50, isajiliwe isisajiliwe. Hata zile zinazogawiwa bure kwa leseni za Creative Commons, nyingi hudai mpigaji atajwe. Meneja alisikiliza yote, akaahidi kumlipa kwa "kumtangaza". Nyuma ya jikoni fundi bomba alikuwa akizibua sinki. Yeye hakuahidiwa kutangazwa. Alitumiwa M-Pesa papo hapo.

Kilichomshtua meneja ni mvuvi. Aliposikia kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, picha iling'olewa kabla chai haijapoa. Mahali pake pakawekwa maporomoko ya Thomson, ya kule Nyahururu, yasiyo na mtu.

Wiki hiyohiyo YouTube ikanyamazisha video ya harusi ya Kimilili aliyoipiga mpiga picha huyohuyo, kwa sababu ya wimbo wa DJ, na bwana harusi anadai arudishiwe pesa.