Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: tunaomba nafasi ya jina la nne

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usajili wa watu, Kenya.

Lililonishikisha kalamu ni jina la nasaba yetu: Nabhany.

Mheshimiwa, asili yake ni Banu Nabhan, ukoo uliotawala Oman ya bara tangu 1154 hadi 1624, makao yao makubwa yakiwa Bahla. Masimulizi ya kisiwa cha Pate yanasema mmoja wao, Suleiman, alifika huko mwaka 600 wa Hijra, akaoa binti wa mfalme, na ufalme ukaingia nyumbani mwake. Wanahistoria wengi huiona tarehe hiyo kuwa ya mapema mno. Lakini kwamba ukoo huu ulitawala Pate kwa karne kadhaa, halina ubishi. Ulimi wa Kiswahili ukatia irabu kati ya b na h, watu wakasema Wanabahani. Nguvu za Pate zilipofifia, Ahmed Simba, mtawala wa ukoo huu, alihamia Witu. Wajerumani wakaiweka chini ya himaya yao 1885, wakawaachia Waingereza 1890, na Oktoba ya mwaka huohuo Waingereza wakauchoma mji.

Jina lilipona moto huo, Mheshimiwa. Linaloliponza sasa ni fomu.

Siku nilipokwenda kuomba kitambulisho, karani aliandika jina langu, la baba na la babu, akaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Ndugu yangu, bado moja." Akanijibu kwa upole, "Nafasi ni tatu." Kaka yangu, kwingine, aliachiwa nisba, yaani jina la ukoo, akanyimwa la babu: yeye ni Nabahani. Dada ni Nabhani. Na cheti cha ndoa cha bibi yetu, kwa herufi za Kiarabu zilizofifia, kina nuni, be, he, alifu, nuni, ye, bila kosa. Baba alipofariki, ilitubidi tuape kwa maandishi kwamba sisi watatu ni watoto wa mtu mmoja, ndipo mirathi igawanywe.

Kwa hiyo atakayetuhesabu kwa majina atadhani tumebaki wachache. Wengi wetu tupo, Lamu na Mombasa. Tumeandikwa kwa majina ya babu zetu tu. Oman, nisba hufunga jina la mtu na haiachwi. Hapa kwetu, Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), malenga wa Lamu anayesifiwa kwa kutupa neno runinga, alijulikana kwa nisba hiyo hiyo.

Kwa unyenyekevu nakuomba mawili. Fomu iwe na nafasi ya nne, kwa anayeihitaji. Na ndugu wa tumbo moja waruhusiwe kusawazisha tahajia kwa ombi moja, bila kila mmoja kugharimia wakili wake.

Mjukuu wangu amezaliwa juzi, Mheshimiwa. Cheti chake hakijajazwa bado. Ningependa kukingoja.

Wako mtiifu,
Mzee wa ukoo wa Nabhany,
Lamu