Namna ya Kuongeza Diski kwenye Seva Ijumaa Alasiri

Dalili ya kwanza ni mhasibu. Anapiga simu kulalamika kwamba faili la mishahara limegoma kuhifadhiwa, nawe ukichungulia unakuta nafasi iliyobaki kwenye seva ni asilimia 1. Mwenye moyo mdogo angeanza kufuta video za harusi ya binti wa mkurugenzi, zilizojaa humo tangu mwaka juzi. Wewe usithubutu, kwanza kwa sababu ya kibarua chako, pili kwa sababu seva ina diski nne za terabaiti 4 zilizounganishwa kwa RAID 5, na sloti ya tano iko wazi inakutazama.

Subiri Ijumaa saa kumi alasiri. Maduka ya vifaa yanakaribia kufunga, mwenye ufunguo wa chumba cha seva ameshaaga, na mhasibu anaamini atayakuta mambo sawa Jumatatu. Jumanne asubuhi waachie waoga, wale wanaopenda kuwa na siku tatu za kazi mbele yao endapo kitu kitaharibika.

Suala la bakapu lisikupotezee muda. Kwani RAID si ndiyo bakapu yenyewe? Kweli, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika makala yao ya mwaka 1988 kuhusu kuunganisha diski nyingi za bei nafuu, walikuwa wanapambana na tatizo la diski kufa. Kijana wa aiti aliyefuta folda isiyo yake hakuwamo kwenye hesabu zao. RAID itaipokea amri yake kwa utii na kuitekeleza kwenye diski zote kwa mpigo. Lakini makala ya mwaka 1988 nani anaisoma?

Inatosha ujue kwamba RAID 5 huandika hesabu ya ziada iitwayo pariti, ikaitawanya kwenye diski zote. Diski moja ikifa, kilichokuwamo hupatikana kwa kukokotoa, kama mweka hazina wa kikoba anayejua jumla ya fedha na michango ya wanachama wote isipokuwa mmoja. Zikifa mbili, hakuna cha kukokotoa. RAID 6 huweka pariti mbili na kuvumilia vifo viwili, ila inakula diski nzima zaidi, na bosi alishakuuliza kwa nini ananunua diski ambayo haimwongezei nafasi. Ulikosa jibu, kwa hiyo tuendelee na RAID 5.

Nunua diski ya bei poa kuliko zote dukani. Usimuulize muuzaji kama ni ya SMR, yaani zile ambazo njia zake za data hupandana, kiasi kwamba kubadilisha kipande kidogo hulazimu kuandika upya na majirani zake. Kwa kazi ndefu ya kuandika mfululizo hizo huchoka vibaya. Hata jina zuri kwenye boksi halisaidii sana: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zinazouzwa mahsusi kwa hifadhi za mtandao, zilikuwa za aina hiyo. Ukifika ofisini ichomeke moja kwa moja. Kuipima kwanza kwa smartctl ni kuitilia shaka mbele ya wenzake.

Zile nne za zamani ndizo kabisa usiziguse. Kazi inayokuja itazisoma kila kona, pamoja na pembe ambazo hakuna aliyezipitia kwa miaka, na hapo ndipo sekta mbovu hujitokeza kusalimia. Ukizipima leo utaziona mapema, na wikendi yako itakosa msisimko.

Sasa amri. Kwenye Linux kazi hii ni ya mdadm, programu iliyoanzishwa na Neil Brown mwaka 2001. Unaitambulisha diski mpya kwa --add, kisha unaandika:

mdadm --grow /dev/md0 --raid-devices=5

Kuhusu kama diski mpya ni sde au sdb, amini kumbukumbu yako. Majina hayo huweza kubadilika seva ikizimwa na kuwashwa, ndiyo maana watu wenye wasiwasi husoma namba za utambulisho za kiwandani na kuzibandika kwa karatasi mbele ya kila sloti. Gundi ni gharama.

Sasa kaa utazame maendeleo ya kazi kwenye /proc/mdstat. Kwa mwendo wa megabaiti 50 kwa sekunde, kupitia diski ya terabaiti 4 huchukua takriban saa 22. Watu wakiendelea kuitumia seva, Linux huwapisha na inaweza kushuka hadi kiwango chake cha chini, ambacho kwa kawaida ni kilobaiti 1,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ni siku 46. Kwa hiyo waambie wafanyakazi wote waendelee na kazi kama kawaida.

Umeme utakatika. UPS ipo, lakini betri yake ilikufa zamani na aliyechoshwa na mlio wake aliizima spika. Habari mbaya kwa mwongozo huu ni kwamba mdadm huandika kwenye diski zenyewe ilikofikia, na mara nyingi seva ikiwaka huendelea palepale. Kuharibu kwa kweli kunahitaji mkono wa binadamu.

Mkono huo una njia mbili. Kwenye ZFS, mfumo mwingine wa kuunganisha diski, ni rahisi: kundi la RAIDZ, yaani RAID yake yenye pariti, limeweza kupanuliwa kwa diski moja moja tangu OpenZFS 2.3 ya Januari 2025, kwa amri ya zpool attach. Wewe andika zpool add. Itakuonya, ongeza -f kuinyamazisha. Diski yako itasimama peke yake bila pariti ndani ya hifadhi, haitoki tena, na siku ikifa inaondoka na kila kitu.

Kwenye mdadm, subiri kazi iishe, kisha andika df. Ukubwa ni uleule! Mtu mtulivu angekumbuka kwamba kundi la diski limekua lakini mfumo wa faili haujaambiwa, akaandika resize2fs kwa ext4 au xfs_growfs kwa XFS, akapata terabaiti zake 16, ambazo kwa df ni kama 14 na nusu, kwa kuwa inahesabu kwa 1,024. Wewe amua kwamba kundi limeharibika. Lisimamishe, kisha liunde upya kwa mdadm --create, ukizitaja diski kwa mpangilio unaoukumbuka. Amri hiyo itakuonya na kuuliza kama uendelee; ukikubali, inaandika taarifa mpya juu ya zile za zamani, na mpangilio ukikosewa, pariti inaanza kukokotolewa juu ya data nzima iliyokuwa salama dakika tano zilizopita.

Jumapili usiku utawatafuta wataalamu wa kuokoa data. Swali lao la kwanza huwa ni amri zipi uliandika baada ya kuona tatizo. Kabla ya kuwapigia, andika history -c, bonyeza Enter.