Siku Marumaru Ilipochemka

Same ni mji wa upepo na vumbi, kwa hiyo ukitaka kumjua mwenye nazo usitazame gari. Kufika saa nane mchana, magari yote ya hapa yana rangi moja. Ingia jikoni. Jikoni kwangu kulikuwa na marumaru.

Nasema marumaru yenyewe, jiwe, si vigae. Kiswahili chetu cha mtaani kimeviita vyote viwili marumaru, na uvivu huo, kama utakavyoona, nimeulipia mimi. Shemeji yangu wa Dar es Salaam alibakiwa na kipande kwenye ujenzi, cheupe, chenye mishipa ya kijivu. Akakipandisha kwenye lori lililokuwa likielekea Moshi, kikashushwa hapa barabarani. Kilikuwa kizuri, lakini uzuri wake mkubwa ni kwamba kilikuwa cha bure. Watu hututania Wapare kuwa tuna mkono wa birika. Huo ni uzushi, na ningeukanusha hapa hapa, ila wino nao ni hela.

Nikakifanya kaunta ya jikoni, nayo ikakaa miezi minne ikimeta. Desemba ikafika, ndugu wa mjini wakapanda kwao milimani, na wengi wakaona ni vyema wapumzike kwangu kwanza. Wakakata kachumbari juu ya kaunta, wakakamulia ndimu. Asubuhi nikakuta miduara myeupe iliyofubaa, kama mtu alipanga sarafu usiku kucha. Mama Neema akasugua kwa sabuni, kwa majivu, mwisho kwa dawa ya meno. Miduara ikatulia palepale.

"Baba Neema, tafuta fundi," alisema, na jina langu alilitamka kwa ile sauti ya barua ya mahakama.

Nikampigia fundi mmoja wa mawe aliyeko Moshi, kama kilomita 100 kutoka hapa. Akataja laki mbili na nusu. Nikamjibu, "Nitakupigia," maneno ambayo kila Mtanzania anajua maana yake ni kwaheri. Kisha nikaulizia mtaani: nani fundi marumaru?

"Marumaru ndiyo mimi mwenyewe, mzee," akasema kijana mmoja. "Hiyo kazi ndogo. Elfu thelathini."

Alikuja na ndoo, brashi na chupa ya asidi, ile wanayotolea saruji iliyogandia kwenye vigae. Hakuuliza jiwe ni la aina gani. Hakugusa. Alimimina.

Jiwe likachemka. Nasema kweli, lilitoa povu na sauti kama mafuta ya maandazi.

"Unaona uchafu unavyotoka, mzee?"

Nikafurahi! Nikamwambia mtoto akamletee soda. Povu lilipoisha akafuta, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yake. Miduara ilikuwa imekwisha kabisa, kwa kuwa sasa kaunta nzima ilikuwa mduara mmoja. Nikapitisha kiganja: ulimi wa ng'ombe.

"Sasa limepumua," akasema, akanyoosha mkono wa malipo.

Kuna utani wa siku nyingi kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Jioni ile nilianza kuhesabu ng'ombe. Mama Neema akanikata kauli: "Utamshtaki kwa kosa gani? Uliita fundi marumaru, akaja fundi marumaru."

Wiki hiyo mama yangu akateremka kutoka Vudee. Aliigusa kaunta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Afadhali. Mwanzo lilikuwa linateleza, ungesagia nini?" Kwao jiwe la kusagia likilainika hugongwagongwa kwa jiwe jingine ili lirudishe meno. Yaani mama humwita fundi jiwe likiwa laini, mimi namwita likiwa linakwaruza, na wote tunasema jiwe limeharibika.

Nikampigia yule wa Moshi kwa sauti ya upole. Akasema laki tatu na nusu.

"Lakini ulisema mbili na nusu!"

"Ile ilikuwa bei ya ndimu, mzee. Hii ni bei ya asidi."

Alipofika, kitu cha kwanza alichoomba ni ndimu. Mama Neema alitaka kumtoa nje. Akadondosha tone moja kwenye kona ya nyuma isiyoonekana, tukainama wote watatu: vipovu vidogo. "Hii ni marumaru ya kweli," akasema. "Ni ukoo mmoja na chokaa na ganda la yai. Tindikali yoyote inaila: ndimu, siki, hata soda. Graniti isingefanya hivi. Ile ni ngumu, hata kisu inakitia butu. Na hamkuwa na doa hapa. Doa ni kitu kilichoingia kwenye jiwe. Hili ni jiwe lililotoka. Ndiyo maana sabuni haikupata cha kuondoa."

Kisha akaomba maji, mengi. Ilikuwa kabla ya maji ya mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, yanayotoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, kufika mtaani kwetu. Nikanunua madumu ya mkokoteni, huku kila dumu likimwagwa juu ya jiwe nami nikilisindikiza kwa macho. Alifunga kwenye grainda pedi za almasi: namba 50, 100, 200, akapanda mpaka 3,000. Kila namba inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia, na ukiruka moja, jiwe litakusema mwangani. Siku ya pili jioni niliona uso wangu kwenye kaunta. Ulikuwa uso wa mtu aliyetaka kuokoa laki mbili na ishirini, akaishia kuongeza laki na thelathini, bila maji.

Mwisho akapaka dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe, akatuonya: "Hii inazuia mafuta na chai. Ndimu haizuii."

Tangu siku hiyo kachumbari kwetu hukatwa juu ya ubao, uani, na mgeni akishika ndimu anasindikizwa. Nawe msomaji, kabla hujamfungulia fundi mlango, dondosha tone moja la ndimu kwenye kona iliyojificha. Likitoa povu, ficha asidi zote, halafu mwambie fundi kwa Kiswahili kilichonyooka: hilo ni jiwe, si kigae. Na fundi asiyeuliza swali hata moja, mpe soda yake aende.