Nge wa Nyumbani Kwetu

Sufuria yetu kubwa ya chai ilistaafu siku ya Jumamosi, na aliyeistaafisha ni mimi. Mke wangu alifunua kifuniko akitegemea kukuta majani ya chai na tangawizi, akakuta kipete cha mpira mweusi kinaelea kwenye maji ya moto. Akasimama na upawa mkononi. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema maneno mawili tu: "Baba Baraka." Ndugu msomaji, kama una ndoa ya miaka kadhaa unajua kwamba jina likitajwa hivyo, bila salamu wala swali, kesi imeshasikilizwa.

Kile kipete kilikuwa sili mpya ya silinda ya Nge. Sili ikitoka kwenye pakiti huwa ngumu, na ukiilazimisha kuingia kwenye mfereji wake ikiwa ya baridi inachanika. Ukiichovya dakika chache kwenye maji ya moto inalegea, unaikunja kama figo ya mbuzi, inaingia bila ugomvi. Mimi nilihitaji maji ya moto, na maji ya moto asubuhi ile yalikuwa mahali pamoja.

Lakini nimeanzia mkiani. Ngoja turudi kichwani.

Nge ni trekta ndogo ya Kijapani ya miaka ya 1990, injini ya dizeli ya silinda tatu. Mbele ana bakuli la kuzolea udongo, nyuma ana mkono wa kuchimbia. Watu wanaita mitambo ya namna hii kijiko, basi. Jina la Nge alilitoa mama mkwe, siku ile trekta iliposhushwa kwenye lori hapa kwetu Njombe. Aliizunguka mara mbili, khanga kaibana kwapani, akatazama makucha ya mbele na ule mkia uliokunjwa juu, akaniuliza kwa upole, "Mkwe wangu, ndiyo umetuletea nge nyumbani?" Nilimjibu kwa heshima zote kwamba huyu hang'ati, anachimba. Akasema vizuri, basi aanze na mtaro wa maji wa kwangu. Nikaahidi. Shika hiyo ahadi, tutairudia.

Mke wangu siku hiyohiyo alinunua kaunta buku, akaandika juu yake NGE. Humo huingia kila kitu: saa alizofanya kazi, dizeli aliyokunywa, grisi, nauli ya kufuata spea Makambako, na nani alisema nini. Ndiyo maana ndani ya familia tunamwita Mama Daftari, naye jina hilo halimchukizi hata kidogo.

Mdogo wake, shemeji yangu, tunamwita Injinia. Hajapita chuo chochote cha ufundi, ila anaipenda mashine kwa moyo wote, na hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai kwetu bila kusimuliwa kwamba mwaka 1953 kampuni ya Mwingereza Joseph Cyril Bamford, yule wa JCB, ilitoa mtambo wake wa kwanza wenye bakuli mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Wageni wengine wameshaisikia mara nne. Wanaitikia tu, maana Injinia ana uso wa mtu anayesimulia harusi ya mama yake.

Kijana wangu mkubwa, Baraka, ni Bwana Grisi, na nitaeleza kwa nini. Kitinda mimba wetu ana miaka minane, anaitwa Bi Kwanini. Hilo halihitaji maelezo.

Sasa, Njombe kuna baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi unaweza kukuta umande umeganda kwenye majani, na injini ya zamani ya dizeli baridi hiyo inaijua kuliko sisi. Dizeli haiwashwi na cheche. Inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Chuma kikiwa cha baridi sana, hewa ile haifiki joto linalotakiwa, ndiyo maana kila silinda ina hita yake, kijiti kinachokolea moto sekunde chache kabla hujapiga stata. Nge alikuwa akipigwa stata anatoa moshi mweupe, anakohoa, ananyamaza. Injinia akashauri tumpulizie ile dawa ya kopo ya kuwashia injini. Nikakataa katakata, na wewe nakuomba ukatae: dawa ile ikikutana na hita iliyokolea inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kupasua injini. Tukafungua waya wa hita, tukachukua balbu ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri, upande mwingine kwenye kichwa cha kila hita. Mbili zikawasha balbu. Ya tatu haikuwasha, ilikuwa imekufa. Tukabadilisha, na kesho yake alfajiri Nge aliamka kwa mpigo mmoja, jogoo wa jirani akiwa bado anakohoa.

Grisi nayo ina habari yake. Mkono wa kuchimbia umejaa maungo, na kila ungo lina pini na bushi. Vyuma hivyo vikisuguana vikavu, pini inalika, tundu linakuwa yai, na mkono unaanza kuchezacheza kama jino bovu. Kwa hiyo baada ya kila siku ya kuchimba, kila niple inapigwa grisi hadi ile ya zamani, nyeusi yenye mchanga, itokee pembeni na nyuma yake ije safi. Baraka alikuwa akizisahau zilizojificha. Mdogo wake akamuuliza, "Kaka, kwa nini hizi unaziruka?" Hakupata jibu. Jioni tukakuta niple zote zimepakwa rangi nyekundu ya kucha, nukta moja moja, kuanzia makucha hadi mkia. Rangi ilikuwa ya mama yake, na chupa ilibaki tupu. Mama Daftari alifungua mdomo, akahesabu nukta, zikafika 34, akaufunga, akaandika kwenye daftari: "Niple 34." Tangu siku hiyo haijarukwa hata moja, na Baraka akapata cheo chake.

Tufike kwenye sili. Silinda ya mkono ilianza kulia machozi ya oili, tone moja moja kando ya chuma king'aavu. Siku moja nilikuwa kwenye kiti, mkono umenyanyuliwa, nikamwona Bwana Grisi anapeleka kidole kwenye mpira wa haidroliki kutafuta panapovuja. Nilipiga ukelele ambao nadhani uliwafikia majirani wa bonde la pili.

Hapa naomba tukae kitako. Tairi la gari dogo lina presha ya pauni 30 na kitu kwa inchi ya mraba. Mpira wa haidroliki wa trekta ndogo kama hii hubeba 2,000 na zaidi. Tundu dogo kama la sindano linarusha oili kwa nguvu ya kupenya ngozi. Unaona kidonda kama cha kuumwa na mbu, huku ndani oili inaendelea kuua nyama, na mtu anaweza kupoteza mkono asipowahishwa hospitali siku hiyohiyo afanyiwe upasuaji. Nilimchukua mwanangu, nikakata kipande cha boksi, tukakipitisha kwa mbali kwenye fimbo ndefu. Boksi likachorwa mstari mweusi, ukapasuka. Aliutazama muda mrefu, hakusema kitu. Kile kipande tumekigongomea kwenye ukuta wa banda. Na sheria ya banda ni moja: kabla ya kugusa chochote, bakuli na mkono vinalala chini, injini inazimwa, halafu vishikio vinasukumwa huku na huku mpaka presha yote iishe.

Tukafungua silinda. Sili zikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, zikachemshwa mnakojua, zikafungwa. Tukawasha. Oili ikamwagika kuliko mwanzo! Injinia akalaumu mpira, mimi nikalaumu oili, Baraka akalaumu giza la jana yake. Mama Daftari akachukua ile sili ya zamani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha la jikoni. Sili hiyo ina midomo miwili, katikati imejikunja kama kikombe. "Hii mdomo wake ulikuwa unatazama wapi?" akauliza. Hakuna aliyekumbuka. "Kikombe kinapokea chai kikiwa kimetazama birika," akasema, akarudi zake ndani. Naam. Mdomo unatakiwa kutazama presha inakotoka, ili oili ikisukuma, midomo itanuke na kubana zaidi. Sisi tuliufunga umetazama nje. Tulifungua tena, safari hii maji tukayachemshia kwenye kopo la rangi.

Halafu ukaja ugonjwa mkubwa.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua ziko mlangoni, na huku kila mwenye shamba anataka mashimo ya parachichi, sentimita 60 kwa 60. Nge akaanza kuzimika. Anafanya kazi vizuri nusu saa, mara sauti inapungua, inapungua, kimya. Ukimpumzisha kidogo anawaka. Nusu saa nyingine, kimya.

Injinia akasema filta. Tukabadilisha filta, tukatoa upepo kwenye njia ya dizeli: unalegeza skrubu, unapampu mpaka mapovu yaishe na ije dizeli tupu, unakaza. Akawaka! Injinia akapewa kuku mzima. Baada ya nusu saa akazimika. Fundi wa mjini akaja, akachungulia tenki, akasafisha mabomba, akawaka. Akalipwa. Njiani hajafika stendi, Nge kimya. Mimi nikabadilisha pampu ndogo ya dizeli. Akawaka, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nusu saa. Nyumba nzima ikawa na kauli moja usiku na mchana, mpaka mama mkwe akatuma salamu: "Mwambieni mkwe wangu, kama nge amechoka, mtaro wangu unaweza kusubiri tena." Ilikuwa salamu ya upole, na nilikosa usingizi.

Usiku wa nne Mama Daftari alikaa mezani na kaunta buku lake. "Baba Baraka, nisomee Alhamisi ya wiki iliyopita." Nikasoma: Nge alichimba saa sita mfululizo, hakuzimika. Hakuna aliyekuwa ameitilia maanani siku hiyo. "Sasa soma mstari wa chini." Mstari wa chini ulisema: "Baraka kapoteza mfuniko wa tenki. Wameziba kwa kitambaa." Na Ijumaa: "Kwanini kauona mfuniko kwenye nyasi. Umerudishwa. Kazimika mara nne."

Tulitoka na tochi, wote, hata Bi Kwanini aliyepaswa kuwa amelala. Nikauvua mfuniko. Tenki likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mfuniko wa tenki una katundu kadogo ka kuingizia hewa, maana dizeli ikitoka lazima hewa ichukue nafasi yake. Isipoingia, tenki linabana na dizeli haitoki tena. Nilikasogeza karibu na tochi. Ndani ya katundu kale kulikuwa na udongo mwekundu, laini, umepigwa lipu kwa ustadi. Nyigu wa udongo alikuwa amejenga humo.

Ndipo nikaelewa ule uponyaji wote. Injinia, fundi, mimi, kila mmoja alianza kazi kwa kufungua mfuniko achungulie dizeli. Kila mmoja alimpa Nge pumzi bila kujua, kisha akaisifu dawa yake. Tuligusa palipokuwa na ugonjwa mara kumi, na hakuna aliyejua ila aliyekuwa akiandika. Nimefanya kazi na mashine nusu ya umri wangu, na nakuambia kwa moyo mweupe: kwa mtambo mzee hakuna spana inayolishinda daftari. Fundi anaona siku aliyoitwa. Daftari linaziona siku zote, na mtambo mzee huumwa kwa mpangilio.

Bi Kwanini alizibua kwa sindano ya mama yake. Sindano hiyo sasa imefungwa kwa uzi kwenye kiti cha Nge, na kila Jumamosi ni kazi yake, wala hakuna anayeruhusiwa kumsaidia.

Kesho yake wateja watatu wa parachichi walinipigia kabla ya jua kutoka. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Mama Daftari alikuwa ameshaandika kazi ya kwanza ya siku, kwa kalamu nyekundu, na kule nyumbani hakuna rufaa. Saa mbili asubuhi Nge alikuwa uani kwa mama mkwe. Tulichimba mtaro wake wote kutoka bombani hadi jikoni, nusu saa ikapita, saa ikapita, sauti haikubadilika. Mama mkwe alileta kigoda akakaa, akatuletea chai.

Ilikuwa kwenye sufuria mpya, kubwa. Alimnunulia mwanawe, akasema, akaomba tu mkwe wake asiijue ilipo.