Sifa za Mlalamikaji

Mtunzi wa pekee wa michezo ya kompyuta, yaani mtu anayebuni mchezo, akauandikia programu, akauchorea picha na kuutungia muziki bila mwenzake, baada ya saa za kazi inayomlisha na bila kutarajia faida, huzungukwa na watu wa namna nyingi: wapo wanaoupakua mchezo wake na kuusahau siku hiyo hiyo, wapo wanaoupenda kimya kimya, na yupo mlalamikaji. Huyu wa mwisho amesemwa vibaya kiasi cha kutosha. Lucian, mwandishi wa karne ya pili aliyeandika kwa Kiyunani, aliona inafaa kumtungia nzi sifa, na Synesius baadaye akausifia upara. Ikiwa nzi amepata wakili, ni dhuluma kwa mlalamikaji kuachwa hana hata mmoja.

Msingi wa utetezi wake uliwekwa zamani na Waswahili walipotambua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ikiwa sifa ndizo zinazoleta maji, basi kinachoyazuia ni lawama, na mlalamikaji ndiye anayesimama chini ya mnazi akionja kila kinachoteremshwa. Tena huonja bila kulipa, jambo linaloongeza uzito wa ushuhuda wake, kwa kuwa aliyelipa huweza kusifu ili asionekane amepunjwa, ilhali aliyepewa bure hana cha kuficha. Anayeshangaa kwamba mtu asiyeweza kuandika mstari mmoja wa programu anamfundisha aliyeandika maelfu, na akapite kwenye baraza linalochezewa bao, ambako wachezaji ni wawili na walimu ni wote waliosimama.

Macho yake nayo huona mbali kuliko ya aliyeutengeneza mchezo, na ushahidi umo katika kisa cha paka wa Dwarf Fortress. Mchezo huo, unaoiga maisha ya watu wafupi wa hadithini wanaochimba makao yao ndani ya miamba, Mmarekani Tarn Adams alianza kuuandika mwaka 2002, akishirikiana na nduguye Zach katika ubunifu lakini akiiandika programu peke yake. Aliutoa bure mwaka 2006, na kwa miaka zaidi ya 15 ukaendeshwa kwa michango ya wachezaji kabla ya toleo la kuuzwa kutoka Desemba 2022. Mwishoni mwa mwaka 2015 aliongeza vilabu vya pombe, na haukupita muda wachezaji wakamletea malalamiko kwamba paka wanakufa ovyo huku wametapakaa matapishi. Mtu mwenye shughuli zake angejibu kwamba paka ni paka tu. Uchunguzi ulionyesha kuwa walevi walimwaga pombe sakafuni, paka wakaikanyaga, kisha, kwa kuwa programu iliwaelekeza wajisafishe kama paka wa kweli, wakailamba miguuni. Na kwa kuwa hesabu ilikichukulia kila kilicholambwa kuwa sawa na kikombe kizima, mnyama mwenye mwili mdogo namna ile alikufa kwa ulevi. Kanuni ya kumwagika, ya kujilamba na ya kulinganisha kileo na uzito wa mwili zote zilifanya kazi kama zilivyokusudiwa, ikakosewa ile ya kipimo peke yake. Hitilafu ya namna hii, ambayo watu wa kompyuta huiita mdudu, haiwezi kupatikana kwa kufikiri, kwa sababu hakuna mtunzi ambaye angekaa usiku akiwa na akili timamu akawaza kumpima paka pombe. Ilihitajika mtu wa kukasirika.

Ufupi wa lugha ya mlalamikaji pia haujathaminiwa ipasavyo. Taarifa kamili ya hitilafu ingetaja aina ya simu au kompyuta, toleo la mchezo, na hatua zilizofuatwa hadi kasoro ikajitokeza, lakini yeye huandika kwamba mchezo haufunguki, akaishia hapo, na kwa njia hiyo humkuza mtunzi kutoka fundi hadi mganga anayempigia ramli mgonjwa asiyemwona. Swali lake jingine lina neno moja tu, nalo ni “lini?”, likimaanisha toleo jipya litatoka lini. Hilo humkumbusha mtunzi kwamba mchezo uliotolewa ni ahadi isiyo na tarehe ya mwisho, na kwamba ndoa, mtihani au homa si sababu za kuichelewesha.

Pengine huduma yake kubwa iko katika matengenezo, kazi isiyo na mashairi yoyote. Mchezo wa kompyuta huoza hata pasipo mtu kuugusa, kwa sababu husimama juu ya programu za wengine ambazo hazitulii: Apple ilipotoa mfumo wa iOS 11 mwaka 2017, programu za zamani za biti 32 ambazo hazikuandaliwa upya ziliacha kufunguka kwenye simu zilizoupokea, na Adobe ilipoacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, michezo isiyohesabika ya watunzi wa ridhaa iliyokuwa ikichezwa ndani ya vivinjari ilipoteza pa kuishi. Mtunzi aliyekwishahamia mchezo mwingine hupata habari za mabadiliko kama hayo kwa mlalamikaji, anayemtaarifu mapema, bila ujira, na kwa imani thabiti kwamba yameletwa na mtunzi kwa makusudi.

Imani hiyo haiyumbishwi na ushahidi. Josh Wardle alitengeneza Wordle, mchezo wa kubahatisha neno moja la herufi tano kila siku, kwa ajili ya mwenzi wake, bila matangazo wala malipo. Tarehe 1 Novemba 2021 ulikuwa na wachezaji 90, na miezi miwili baadaye ulikuwa na zaidi ya 300,000. Januari 2022 jibu la siku moja lilikuwa neno lililoandikwa kwa tahajia ya Kimarekani, na Waingereza wakahisi wametukanwa na zawadi. Mwisho wa mwezi huo Wardle, aliyekiri kwamba mambo yalikuwa yamemlemea, aliuuza kwa gazeti la New York Times. Wachezaji wakashikilia kwamba maneno yamefanywa magumu, ingawa gazeti lilieleza kuwa halikuufanya mchezo uwe mgumu zaidi. Mlalamikaji wa kawaida husubiri kosa, bali aliyehitimu hulitangulia.

Wapinzani watamtaja Dong Nguyen wa Hanoi, aliyetoa Flappy Bird mwaka 2013, mchezo wa kumpitisha ndege kati ya mabomba kwa kugusa kioo cha simu. Mwanzoni mwa 2014 ulikuwa ukimwingizia, kwa maelezo yake, takriban dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Februari mwaka huo aliuondoa, akisema umemharibia maisha yake ya kawaida. Lakini kisa hicho kinathibitisha uadilifu wa mlalamikaji, kwani yule aliyenung'unika kwamba mchezo unamtesa alinung'unika vilevile uliponyang'anywa, na simu zilizobaki nao zikatiwa mnadani kwa maelfu ya dola. Hakimu asiyependelea kuwapo wala kutokuwapo ni adimu.

Haifai, hata hivyo, kumsifu kiumbe na kuificha ila yake. Mara moja moja, kwa udhaifu usioelezeka, mlalamikaji huandika tena kusema kwamba toleo jipya limefunguka vizuri, na kumtakia mtunzi kheri. Barua hiyo humkuta mtunzi saa sita za usiku, daftari la hitilafu liko wazi mbele yake, safu za tarehe, chanzo na dawa zimekwisha kupigwa mistari. Huisoma mara mbili akitafuta panapotakiwa kurekebishwa, na asipopaona hukaa na kalamu mkononi, asijue aiandike katika safu ipi.